Mama anawaombea dua mabosi wa mume wangu, na safari tunailipa wenyewe

Shangazi, shikamoo.

Naandika saa tisa usiku, nimekaa ndani ya gari nje ya nyumba ya wazee ninapofanya kazi. Mapumziko ni dakika 30, kwa hiyo nikirukaruka unisamehe.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, nina miaka 36. Naishi Columbus, Ohio, na mume wangu na watoto wawili, wa kiume miaka 9, wa kike 6. Mume wangu ni Mkongo wa Fizi. Alivushwa Ziwa Tanganyika akiwa na miaka 6, akakulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, akaletwa Marekani akiwa na miaka 24. Anapakia mizigo ghalani, zamu ya usiku.

Miaka miwili iliyopita alifungua akaunti pembeni. Kila mshahara, yaani kila wiki mbili, anatupia dola 130. Hajawahi kuruka, hata wiki ile gari lilipokufa gia akawa anapanda basi mbili kwenda kazini. Hela hiyo ina kazi moja: kutupeleka Walt Disney World, zile bustani kubwa za michezo kule Florida, tulale usiku 4 kwenye hoteli inayoitwa Polynesian Village. Lazima iwe hiyo. Aliiona kwenye simu ya mwenzake kazini: minazi, mchanga mweupe, bwawa la kuogelea lenye volkano ya kutengeneza inayomwaga maji, treni ya juu inasimama palepale hotelini na kukupeleka kwenye michezo. Nikamwambia, mume wangu, mbona zipo za nusu bei? Akanijibu kwa Kiswahili cha kwao: "Mimi, tangu nizaliwe, sijalala fasi yenye nilichagua mwenyewe."

Hema walipewa. Kiwanja cha nyumba ya tope walionyeshwa. Apartimenti ya kwanza hapa Columbus alichaguliwa na shirika lililompokea, na hii tunayokaa sasa ndiyo pekee iliyotukubali. Sikuwa na la kujibu.

Tumeweka nafasi wiki ya mwisho ya Machi, shule zikifungwa. Jumla ni dola 6,700, malazi na tiketi za siku 3 kwa watu 5. Watano kwa sababu mama yangu yupo hapa. Alikuja Novemba kwa viza ya matembezi, anarudi mwishoni mwa Aprili.

Sasa kosa langu. Siku tulipomwonyesha mama video ya hoteli alicheka mpaka akajifuta machozi na upande wa kanga. Kaona kibanda cha makuti kando ya bwawa: "Jamani! Sisi tumehangaika miaka yote tutoe makuti tuweke bati, wenye pesa zao wanatafuta makuti!" Kaona mtumbwi wa mapambo, una mrengu, lile gogo la pembeni la kuuzuia usipinduke, upande mmoja tu: "Na ngalawa hii mbona mrengu mmoja? Mwenzake umeibiwa?" Watoto walicheka naye, ingawa nusu ya maneno hawakuyaelewa. Halafu akanisogelea, akaniuliza chinichini, "Kulala hapo usiku mmoja ni bei gani?"

Shangazi, ni dola 850 na kitu. Zaidi ya shilingi milioni 2. Ulimi ulikataa. Nikasema, "Hatulipi, mama. Ni zawadi. Kazini kwake wanawapa wafanyakazi wanaojituma."

Tangu siku hiyo, kila baada ya swala ya magharibi mama anainua mikono na kuomba kwa sauti, Mwenyezi Mungu awazidishie riziki mabosi wa mkwe wangu, waliomkumbuka mtoto wa watu. Mara ya kwanza mume wangu alikuwa sebuleni anavaa viatu aende kazini. Alitulia, kiatu kimoja mkononi. Kisha akakivaa, akafunga kamba, akatoka. Mpaka leo hajaniuliza.

Ingeishia hapo ningevumilia. Lakini kuna nyumba ya Pangani. Bati tuliloezeka mwaka 2008 limeliwa na chumvi ya bahari, limekuwa chekecheke. Masika iliyopita mama alikinga sufuria sita na beseni la kufulia, akalala miguu imekunjwa kwa sababu upande wa miguuni ulikuwa unadondoka. Kaka yangu mkubwa ndiye anayekaa naye. Kaka si mtu wa ujanja. Mwaka 2019 nilituma hela ya choo, alinitumia picha za risiti mpaka ya misumari. Amekaa na fundi wakapiga hesabu: mbao, bati za msauzi, kofia, ufundi. Milioni 7, kama dola 2,700. Nilimwomba asubiri, mambo hayajakaa sawa.

Wiki iliyopita akanitumia ujumbe wa sauti. "Mdogo wangu, mama kanipa habari njema, Alhamdulillahi. Basi kama safari imelipwa na kazini, ile akiba ya shemeji ipo. Tumwezekee mama kwanza, asije akarudi akakuta masika iko ndani."

Nimeusikiliza mara kumi. Ana haki. Na mume wangu ana haki. Anasema bati lingoje marejesho ya kodi, ile hela ya kodi ya mapato serikali inayoturudishia kila mwaka, lakini mwaka jana yalichelewa mpaka tukakata tamaa. Hotelini tumelipa dola 200 tu za kushikia nafasi. Zilizobaki zinatakiwa siku 30 kabla ya kufika, ambayo ni 22 Februari, na tukighairi kabla ya hapo tunarudishiwa zote. Je, nighairi? Tuhamie hoteli ya bei rahisi? Nikope? Mama nikimwambia ukweli namjua, hatapanda hata hilo gari.

Mama Wawili, Columbus, Ohio

*

Marahaba, mwanangu. Pole na zamu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa natafuta kitu nisikione. Umeniambia mumeo anataka nini na kwa nini. Kaka yako anataka nini, umeninukulia mpaka sauti yake. Mama umemweleza nikamwona na kanga yake. Wewe mwenyewe unataka nini? Ukiwa peke yako ndani ya gari hilo, saa tisa usiku, na hakuna anayekusikia, unatamani kuiona ile volkano ya kutengeneza au hutamani? Sikuulizi ili nikupime. Ninauliza kwa sababu mtu anayebeba matakwa ya watu watatu huwa anachoka bila kujua amechoshwa na lipi.

Unaniuliza juu ya hoteli na bati. Naona liko la tatu, nalo ndilo lililoyafunga hayo mawili pamoja. Hoteli ilikuwepo tangu miaka miwili iliyopita. Bati lilikuwa linavuja tangu masika iliyopita. Mlikuwa mnaishi nayo yote mawili, kila moja na foleni yake. Yamegongana siku ulipomwambia mama "hatulipi".

Nisikufiche, nimekwama kwenye kile kiatu. Mishahara 52 ya dola 130 ni dola 6,760. Mtu amesimama ghalani miaka miwili ananyanyua maboksi usiku, kisha anarudi nyumbani anasikia dua inakwenda kwa watu wengine. Ulidanganya kwa nia ya kumstiri mama asiumie na bei, na kujistiri wewe usionekane mfujaji. Hilo nalielewa, na wengi walioko ughaibuni watalielewa. Umewahi kuona mtu aliyeko Ulaya au Marekani anatuma picha ya hoteli nyumbani bila kuweka neno "ofa" chini yake? Lakini uongo huo ulipotoka kinywani mwako haukuchukua kitu cha mama wala cha kaka. Ulichukua cha mumeo. Zawadi aliyoitengeneza kwa mikono yake imewekewa jina la bosi. Sijui alifikiria nini na kiatu mkononi. Nawe hujui, kwa sababu hamjaongea.

Turudi kwenye neno lako, "ana haki", ulilosema juu ya kaka. Nami nampenda kaka yako huyo wa risiti za misumari. Ila tazama vizuri alichokuomba. Hajakuomba uvunje safari ya shemeji yake. Ameomba hela ambayo, kwa anavyoamini yeye, imebaki haina kazi. Ombi la kaka anayejua kwamba safari inatoka mfukoni mwa mumeo, hilo bado hujalisikia. Huenda likawa lilelile. Huenda likawa, "Basi nendeni, tutafute njia nyingine." Unajikunja mbele ya ombi ambalo kaka yako bado hajalitoa.

Vivyo hivyo kwa mama. "Namjua, hatapanda hata gari." Inawezekana, wewe ndiye mwanawe. Lakini nikumbushe alivyoiuliza bei: alisogea karibu, akashusha sauti. Mtu anayedhani kitu ni rahisi huuliza kwa sauti ya kawaida. Sidhani mama yako ni mtu wa kuvunjika akisikia namba. Aliyelala miguu imekunjwa chini ya paa linalodondoka, kisha akaja kuwachekesha wajukuu kwa habari ya ngalawa iliyoibiwa mrengu, ni mtu mwenye mgongo. Je, bati hilo amelitaja yeye mwenyewe tangu afike Columbus, au linatajwa na kaka tu? Barua haisemi.

Hapa niruhusu nichepuke kidogo, maana ile ngalawa imenikaa. Hoteli anayoitaka mumeo ni ya zamani. Ilifunguliwa 1 Oktoba 1971, siku ileile ya bustani ya Magic Kingdom, na imekaa ng'ambo yake ukingoni mwa ziwa la kuchimbwa. Majengo yake yamepewa majina ya visiwa vya Pasifiki: Samoa, Fiji, Tonga, Niue. Sasa mama yako kaona mtumbwi wa watu wa huko akaujua papo hapo, na hakukosea. Mabaharia wa visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia, ambao ukoo wao ulisambaa mpaka Pasifiki, wengine walikata Bahari ya Hindi wakafika Madagaska, na wataalamu wengi wanaamini kwamba mirengu ya ngalawa zetu imetokana na ufundi wao. Ule wenye mrengu mmoja na huu wetu wenye miwili ni binamu. Kwa hiyo mwenyeji katika safari hiyo huenda akawa ni mama, na wajukuu ambao nusu ya Kiswahili inawapita wangepata somo la ngalawa kutoka kwa mtu aliyezipanda. Sisemi hivyo ili kukusukuma uende. Ninasema kwa sababu katika barua yako mama ni mtu wa kulindwa na kuezekewa tu, na mimi katika maneno uliyoninukulia nimemwona mtu mwingine.

Na mumeo je? Sisi wa pwani tutacheka, mtu kulipa dola 850 akalale chini ya mnazi. Minazi ni yetu, tumeizoea mpaka tunaiona kama nguzo za umeme. Yeye kakulia kambini Kasulu, mbali na bahari. Na sidhani analipia mnazi. Amekuambia mwenyewe analipia nini, na kwa sentensi fupi kuliko zangu zote. Wala sitaki nikudanganye kwamba hoteli ina dawa. Mwaka 1974, mwezi Desemba, mwanamuziki John Lennon alikuwa mapumzikoni kwenye hoteli hiyohiyo alipotia saini karatasi za kuvunja rasmi kundi lao la muziki, Beatles. Ufukwe ulikuwepo, minazi ilikuwepo.

Sasa tuseme ya vitendo, maana 22 Februari haingoji.

Kubaki na mpango ulivyo, bati lingoje kodi. Mumeo hasemi ovyo, lakini pana tatizo la tarehe. Familia za kipato cha kati na cha chini zenye watoto, zinazodai zile nafuu mbili za kodi zinazorudishwa taslimu, kwa sheria hazilipwi kabla ya katikati ya Februari, na nyingi huziona mwisho wa Februari au Machi mwanzoni. Maana yake mtamaliza kulipa hoteli kabla hamjaona senti ya kodi. Hela ikiingia Machi mwanzoni, kaka ana wiki chache tu. Ikichelewa kama mwaka jana, mvua za masika zimeshafunga, na fundi mwenye akili havui paa la watu mwezi wa nne. Hapo tunazungumzia Juni. Mama atarudi mwisho wa Aprili kwenye sufuria zake. Swali la kumuuliza kaka, tena bila haya, ni hili: yupo ndugu Pangani au Tanga mwenye chumba kikavu cha wiki sita? Mama anaweza kukataa kulala kwa watu, wazee wa kwetu wana lao. Lakini liulizwe.

Kughairi yote. Bati linapatikana, tena kabla ya mvua, na mnabakiwa na kama dola 4,000. Kwa hesabu ya kwenye karatasi hii ndiyo safi kuliko zote, na ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mumeo anaonekana ni mtu wa kukubali. Atasema sawa, atafunga kamba za viatu, atakwenda kazini. Aliyekulia foleni ya mgao anajua kusema sawa. Utajuaje kwamba "sawa" hiyo ni ya moyoni? Kisha kuna kitu hukukigusa kabisa. Upande wake. Yeye hana mama, dada, mjomba aliyebaki Nyarugusu au Fizi anayehitaji paa? Kama wapo na wamekuwa wakisubiri kimya wakati yeye anaweka akiba hii, basi kuitoa kwa ajili ya Pangani kuna uzito ambao wewe na mimi hatuuoni tukiwa tumekaa upande wa Pangani.

Kuhamia hoteli nyingine. Ipo Caribbean Beach hapohapo Disney, ya tangu 1988, nayo ni ya minazi na mchanga, nafuu kuliko hiyo, na kuna vigari vya kwenye waya vinavyokuchukua mpaka kwenye bustani mbili. Angalieni jambo moja kabla ya kushangilia bei: vyumba vingi vya nafuu huchukua watu 4, na ninyi ni 5. Mkilazimika kuchukua viwili, unafuu umekwisha. Lakini hata kama hesabu itakubali, hoteli hiyo ataichagua nani? Ukimpelekea mumeo imeshakamilika, na bei, na picha, utakuwa umemchagulia pa kulala. Ukimwambia, "Tuna dola 6,700 na mambo mawili, kaa nami tuangalie," hapo anaweza kuchagua mwenyewe, hata kama atachagua ileile.

Kufupisha. Hili ningelitazama kwa karibu kama ningekuwa wewe, ingawa lina matobo yake. Tiketi za bustani zimepangwa hivi: siku za mwanzo ndizo ghali, za kuongeza ni nafuu, kwa hiyo kukata siku moja ya tiketi hakukusaidii sana. Kinachokula hela ni usiku. Usiku 2 badala ya 4 ni kama dola 1,700 zimerudi mkononi. Hazitoshi bati lote. Zinaweza kutosha kuanza na upande wa chumba cha mama. Muulize fundi kwanza, kwa sababu bati jipya likikutana na bati lililooza, maungio ndiyo yanayovuja, na mbao zikiwa zimeoza chini utakuwa umeweka kofia mpya kwenye kichwa kinachouma. Na watoto waliohesabu usiku 4 watalalamika siku mbili tatu. Watazoea.

Kukopa, hasa kwa kadi, naliogopa. Riba ya kadi za huko ninyi mnaijua kuliko mimi.

Sasa hilo la tatu, ambalo halina dola ndani yake. Utakaa na ukweli huu mpaka lini? Mama anarudi Aprili, atasimulia msikitini na kisimani juu ya mabosi wema wa Columbus. Kaka ataendelea kuhesabu akiba ambayo haipo. Mnaweza kwenda hotelini na uongo ukiwa umelala nanyi chumba kimoja, na ule ni uongo unaoombewa dua kila magharibi. Mnaweza pia kughairi na bado ukabaki, maana utamwambia mama nini? Mabosi wameghairi zawadi? Utaongeza uongo wa pili juu ya wa kwanza.

Kuusema kuna hatari, sitakudanganya. Mama anaweza kukasirika, na zaidi ya kukasirika, anaweza kuona aibu kwamba amekuwa akiomba hivyo mbele ya mkwewe. Aibu ya mzee kwa mkwe si jambo dogo. Anaweza kusema haendi. Anaweza kusema, "Nipeni hela hiyo nikaezeke," na mumeo akaisikia kama kukataliwa. Kaka anaweza kunyamaza mwezi mzima. Yote hayo yanaweza kutokea, na wewe ndiye utakayekuwa katikati.

Lakini fikiria pia nani aseme na kwa maneno gani. Wewe ukienda kwa mama kuungama bei, yatakayosikika ni dola. Je, mumeo akienda mwenyewe? "Mama, nimeiweka hela hii miaka miwili. Sijawahi kulala pahali nilipopachagua. Nataka na wewe uwepo." Nani kwetu anaukataa mwaliko wa mkwe uliokuja namna hiyo, na akiukataa, atakuwa amekataa akijua anachokikataa. Tena huenda mama akawa na wazo lake kuhusu bati ambalo ninyi watoto mmekuwa mkilizungumza juu ya kichwa chake. Nyumba ni yake.

Ila mumeo hawezi kwenda kwa mama kabla wewe hujakwenda kwa mumeo. Usianze na bati. Ukianza na bati atadhani ndiyo sababu ya maongezi, na utakuwa umemfuta mara ya pili. Anza na lile la mabosi. Mwambie ulilisema wewe, mwambie ulikuwa unaogopa nini, kisha unyamaze umpe nafasi. Akikasirika, mwache akasirike. Kaka naye, utakapofika zamu yake, mrudishie kwa sauti kama alivyokutumia kwa sauti. Maandishi hayaonyeshi kwamba mtu ana haya.

Sitakuambia lala hotelini au usilale. Sijawahi kukaa kambini, na bati langu mimi ni la juzi. Niandikie baada ya tarehe 22, hata kama ni kunilaumu.

Mwezi huu jua la Columbus linazama karibu na saa kumi na mbili jioni, na mumeo huvaa viatu mama akiwa ameshamaliza swala. Siku ukiwa huna zamu, ipo nafasi ya kama saa nzima kabla ya hapo, watoto wakiwa kwenye katuni na mama hajatandika mswala.

Shangazi